Familia Mbele ya Muuguzi: Maisha ya Kazi ya Profesa Lorraine M. Wright wa Calgary

Uuguzi wa kisasa, tangu ulipoanza kufundishwa katika karne ya 19 kama taaluma yenye shule na mitihani yake, umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya mtu mmoja aliyelala kitandani: joto la mwili wake, mapigo ya moyo wake, kidonda chake, dawa zake na saa za kuzimeza. Ndugu wa mtu huyo wamekuwa wakionekana ama kama wageni wanaoruhusiwa kuingia saa za kuona wagonjwa, ama kama watoa habari wanaoulizwa pale mgonjwa asipoweza kujieleza mwenyewe. Lorraine M. Wright, muuguzi wa Kanada aliyekuwa profesa wa uuguzi katika Chuo Kikuu cha Calgary, jimboni Alberta, na wakati huohuo mtaalamu wa tiba ya familia, alitumia maisha yake ya kazi kuubomoa mpangilio huo na kuweka mwingine mahali pake. Tiba ya familia ni tawi la tiba ambalo mtaalamu hukutana na watu wa familia moja kwa pamoja, na kinachoshughulikiwa hapo ni mahusiano yaliyo baina yao badala ya nafsi ya mmoja wao peke yake. Wright aliichukua elimu hiyo, ambayo hapo awali ilikuwa mikononi mwa madaktari wa akili, wanasaikolojia na wafanyakazi wa ustawi wa jamii, akaiingiza katika uuguzi wa magonjwa ya mwili: saratani, moyo, shinikizo la damu, na maradhi yote ambayo mtu huishi nayo miaka mingi bila kupona.

Modeli mbili zinazobeba jina la Calgary ndizo zilizomfanya ajulikane duniani, na mhadhara huu utazieleza. Hata hivyo jambo kubwa zaidi alilolifanya ni kuyapa mazungumzo ya muuguzi na familia hadhi ya kazi ya kitaalamu, kazi inayofundishika, inayoweza kutazamwa ikitendeka, kurudiwa, kusahihishwa na kuchunguzwa kisayansi kama inavyochunguzwa namna ya kufunga kidonda. Kabla ya hapo, mazungumzo yalihesabiwa kuwa ni upole wa muuguzi, tabia njema anayokuja nayo kutoka kwao. Upole ni jambo la kushukuriwa, lakini taaluma haiwezi kusimama juu yake, kwa kuwa hauandikwi katika mtaala na haudaiwi pale unapokosekana.

Ili kuelewa alikotoka, ni lazima kuitazama hali ya tiba ya familia ilivyokuwa katika miaka ya 1950 hadi 1980. Huko Palo Alto, California, mwanaanthropolojia Gregory Bateson na wenzake Don Jackson, Jay Haley na John Weakland walichapisha mwaka 1956 makala iliyodai kwamba tabia za mtu aliyeonekana kuwa na wazimu zinaweza kueleweka vizuri zaidi zikitazamwa kama sehemu ya mawasiliano ya familia yake. Dai lao kuhusu chanzo cha ugonjwa huo halikudumu, lakini namna yao ya kutazama ilidumu. Waliazima fikra kutoka katika nadharia ya mifumo, inayosema kwamba vitu vinavyohusiana huunda kitu kimoja ambacho sifa zake haziwezi kupatikana kwa kuvichunguza vipande vyake kimoja kimoja, na kutoka katika sibanetiki, yaani elimu ya jinsi mifumo inavyojirekebisha kwa kupokea taarifa za matokeo ya matendo yake yenyewe. Baadaye, mjini Milano, Mara Selvini Palazzoli, Luigi Boscolo, Gianfranco Cecchin na Giuliana Prata walitoa mwaka 1980 makala mashuhuri kuhusu namna ya kuongoza kikao na familia, ambamo kuuliza kulishika nafasi ambayo zamani ilishikwa na kufasiri na kushauri. Calgary haikuwa mbali na mkondo huo, kwa sababu katika kitivo cha tiba cha chuo kikuu hichohicho alikuwapo daktari wa akili Karl Tomm, aliyeyachambua mawazo ya Milano na kuonyesha, katika makala zake za mwaka 1987 na 1988, kwamba kila swali la mtabibu tayari ni tendo linalomgusa anayeulizwa, liwe limekusudiwa hivyo au la.

Wright alikuwa muuguzi katikati ya mkondo uliokuwa na wauguzi wachache mno, na hapa ndipo ushupavu wake unapoonekana. Mwaka 1982 alianzisha katika Kitivo cha Uuguzi cha Chuo Kikuu cha Calgary kitengo kilichoitwa Kitengo cha Uuguzi wa Familia, akakiongoza kwa miaka 20, hadi mwaka 2002. Kilikuwa ni kliniki inayotoa huduma kwa familia zenye ugonjwa sugu, ugonjwa wa kutishia uhai au matatizo ya kihisia na kijamii, kikiwa pia darasa la wanafunzi wa shahada ya uzamili na ya uzamivu na papo hapo mahali pa utafiti. Maprofesa wa kitengo hicho hawakuwa wakifundisha tiba ya familia kwa kusimulia walichowahi kukifanya zamani hospitalini. Waliketi na familia mbele ya wanafunzi, wakajiweka wazi kutazamwa wakifaulu na wakishindwa. Ujasiri huo wa kufundisha kwa kutenda hadharani ni nadra katika vyuo vikuu, si vya Kanada tu.

Mpangilio wa chumba unastahili kuelezwa kwa kina, kwa kuwa elimu yote ya Calgary ilitokea humo. Familia iliketi na muuguzi mmoja katika chumba cha mazungumzo, na ukuta mmoja wa chumba hicho ulikuwa na kioo cha kuonea upande mmoja, yaani kioo kinachomruhusu aliye nyuma yake kuona bila yeye kuonekana. Nyuma ya kioo ilikaa timu ya wanafunzi na walimu, familia ikiwa imeelezwa kuwapo kwao na kuridhia, na mazungumzo yakinaswa kwenye kanda za video. Timu iliweza kumpigia simu muuguzi aliyekuwa ndani, ikapendekeza swali au kumtahadharisha kwamba ameanza kuegemea upande mmoja. Baadaye ukaingizwa utaratibu uliobuniwa na daktari wa akili Tom Andersen wa Norwei, ulioitwa timu ya tafakuri: familia na timu hubadilishana nafasi, familia ikaketi nyuma ya kioo na kuwasikiliza wataalamu wakizungumza juu yake kwa staha, kisha ikarudi na kusema ni yapi katika hayo yaliyoigusa na yapi hayakuihusu. Utaratibu huo uliuvunja ukimya wa kitaalamu, kwani yale ambayo kwa kawaida hunenwa katika chumba cha wauguzi au kuandikwa kwenye faili sasa yalisemwa mbele ya wenyewe, na anayejua kwamba mwenyewe anasikiliza huchagua maneno kwa namna nyingine kabisa.

Mwaka 1984, miaka miwili baada ya kitengo kuanza, Wright na Maureen Leahey, muuguzi na mwanasaikolojia aliyekuwa akifanya kazi katika huduma za afya ya akili mjini Calgary, walichapisha kitabu Nurses and Families, ambacho ndani yake waliweka Modeli ya Calgary ya Tathmini ya Familia. Modeli hiyo ilikuwa imetoholewa kutoka katika mpango uliotungwa na Tomm na mwenzake Sanders, nao waandishi hawakulificha jambo hilo. Inamwelekeza muuguzi kuitazama familia kwa njia tatu. Kwanza ni muundo wake, yaani ni nani wamo, wamefungamana vipi, mipaka baina yao ikoje, na nje yao kuna ukoo, dini, hali ya uchumi na taasisi gani zinazowagusa. Pili ni makuzi yake, yaani familia imefikia hatua gani ya safari yake, kwa kuwa ugonjwa wa kiharusi katika nyumba yenye watoto wachanga si ugonjwa uleule katika nyumba ya wazee wawili ambao watoto wao wamekwishaondoka. Tatu ni utendaji wake, ambao nao una sehemu mbili: shughuli za kila siku, kama vile nani anapika na nani anamwosha mgonjwa, na mambo ya kujieleza, yakiwamo mawasiliano, ugawaji wa majukumu, nguvu za uamuzi, miungano baina ya baadhi ya watu dhidi ya wengine, na imani zao.

Chombo mashuhuri zaidi cha tathmini hiyo ni jenogramu, yaani mchoro wa familia unaoonyesha angalau vizazi vitatu, ambamo mwanamume huchorwa kwa mraba na mwanamke kwa duara, ndoa kwa mstari wa kuunganisha, na magonjwa, vifo na talaka kwa alama zake. Huambatana na ekomapu, mchoro mwingine unaoiweka familia katikati na kuonyesha kwa mistari minene au hafifu jinsi inavyohusiana na kazi, shule, hospitali, nyumba ya ibada na majirani. Vyote viwili havikubuniwa Calgary. Wright na Leahey walivichukua katika tiba ya familia na ustawi wa jamii, wakasisitiza kwamba mchoro uchorwe pamoja na familia na mbele yake, kwa sababu mara nyingi ni wakati wa kuuchora ndipo binti hugundua kwa mara ya kwanza kwamba bibi yake naye alikufa kwa ugonjwa uleule ambao sasa uko kifuani mwa mama yake.

Swali la nani aingizwe katika mchoro huo lilijibiwa Calgary kwa kanuni moja fupi: familia ni wale ambao familia yenyewe inasema ni wa familia. Kanuni hiyo iliwapokea wenzi wasiofunga ndoa, watoto wa kambo, marafiki walioshika nafasi ya ndugu, na wote ambao sheria za hospitali huwafukuza mlangoni kwa kukosa karatasi. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kwamba mama mdogo ni mama na mtoto wa baba mkubwa ni kaka, kanuni hiyo haina ugeni, na huenda hata mchoro wenyewe ukahitaji kupanuliwa kwa ajili yake, kwa kuwa alama zake zilitungwa zikiwa na nyumba ya baba, mama na watoto akilini.

Mwaka 1990 Wright na Leahey walitoa tofauti ya kidhana ambayo hadi leo kila somo la uuguzi wa familia linapaswa kuanza nayo. Walieleza kwamba muuguzi anaweza kumhudumia mtu mmoja huku familia ikiwa ni mazingira yake, au kuihudumia familia huku mtu mmoja akiwa ni mazingira yake. Katika hali zote mbili kimoja huwa mbele na kingine nyuma. Kisha wakaitaja kazi ya namna nyingine, uuguzi wa mifumo ya familia, ambamo mtu na familia hutazamwa kwa wakati mmoja, na kinachochunguzwa ni mwingiliano: jinsi kisukari cha baba kinavyoibadilisha nyumba, na jinsi nyumba nayo inavyokibadilisha kisukari cha baba. Mke anayemkagua mumewe kila anapotia kijiko mdomoni humfanya ale kwa siri. Mume anayekula kwa siri humfanya mke azidishe ukaguzi. Ukimwuliza mke utasikia kwamba anakagua kwa sababu mumewe anajificha, na ukimwuliza mume utasikia kwamba anajificha kwa sababu anakaguliwa, na wote wawili wanasema kweli. Muuguzi anayemfundisha mume peke yake kanuni za lishe hajaugusa mzunguko huo hata kidogo, na mgonjwa huyo atakaporudi kliniki na sukari ileile ataandikwa kuwa mkaidi.

Ili kuugusa mzunguko, Calgary ilitegemea maswali. Maswali ya mzunguko ni yale yanayomwomba mtu mmoja aeleze uhusiano au tofauti badala ya kueleza dalili: mtoto aulizwe ni nani humtuliza mama maumivu yanapozidi, mume aulizwe anadhani mke wake angefanya nini tofauti kama angeamini kwamba ugonjwa huu hautamwua, wote waulizwe ni nani katika familia anayeteseka zaidi. Swali hili la mwisho lilipendwa sana na Wright, kwa kuwa jibu lake aghalabu humtaja mtu ambaye hakuna faili lenye jina lake. Mwaka 1989 aliandika pia juu ya swali ambalo wauguzi walipaswa kuiuliza familia mapema: lau katika mikutano yote lingeweza kujibiwa swali moja tu, familia ingetaka liwe lipi? Faida ya swali hilo ni kwamba huufichua wasiwasi uliofichika chini ya maswali ya kawaida ya dawa na vipimo, na humwondolea muuguzi mazoea ya kujibu asichoulizwa.

Modeli ya pili, Modeli ya Calgary ya Afua kwa Familia, iliongezwa katika toleo la pili la kitabu mwaka 1994. Afua ni tendo lolote la makusudi linalofanywa na mtaalamu ili kuleta badiliko, na modeli hii hupanga matendo hayo kulingana na eneo la utendaji wa familia linalolengwa: fikra, hisia au tabia. Waandishi walikuwa waangalifu kusema kwamba afua haikai kwa muuguzi peke yake, bali hutokea pale tendo la muuguzi linapokubaliana na hali ya familia, na kwamba familia ikikataa ushauri, kinachopaswa kuchunguzwa ni ulinganifu huo kabla ya kuilaumu. Miongoni mwa afua hizo, iliyo rahisi kueleweka na ngumu kutenda ni pongezi. Katika istilahi za Calgary, pongezi hutofautiana na sifa ya kawaida, kwa kuwa sifa humpata mtu kwa jambo moja alilolifanya leo, ilhali pongezi hutaja uwezo uliojionyesha mara nyingi katika maisha ya familia na hutolewa ikiwa na ushahidi wake. Wright na Leahey walipendekeza kwamba kila mkutano uwe na angalau pongezi moja au mbili. Mwaka 2003 Lori Limacher na Wright walichapisha utafiti juu ya afua hiyo, na hapo ikaonekana wazi kwamba kutaja uwezo wa watu waliochoka kwa kuuguza si pambo la kufungia mazungumzo.

Pingamizi lililorudiwa na wauguzi wa kila nchi lilikuwa moja: muda hautoshi. Wright na Leahey walilijibu mwaka 1999 katika makala iliyotolewa na jarida Journal of Family Nursing, wakieleza mahojiano na familia yanayoweza kufanyika kwa dakika 15 au pungufu. Nguzo zake ni adabu, mazungumzo yenye kusudi, jenogramu fupi, maswali machache ya tiba, na pongezi. Inasisimua kwamba adabu imewekwa ya kwanza, tena kwa maana ya kawaida kabisa: muuguzi ajitambulishe kwa jina, amwite mgonjwa kwa jina lake, awasalimu waliokaa naye, aeleze amekuja kufanya nini, na akiahidi kurudi, arudi. Katika fasihi ya kitaalamu iliyojaa istilahi nzito, kuithubutisha adabu kuwa sharti la kwanza la tiba kulihitaji ujasiri. Hata hivyo jibu hilo halikuumaliza mjadala, wala halipaswi kuchukuliwa kama ruhusa kwa wasimamizi wa hospitali kupunguza wauguzi kwa hoja kwamba dakika 15 zinatosha. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku mwenye wodi nzima mikononi hana dakika 15 za kumpa kila mgonjwa, na hakuna modeli inayoweza kuziba pengo la ajira.

Sehemu iliyo tajiri zaidi ya kazi ya Wright, kwa kiwango cha fikra, ni ile inayohusu imani. Mwaka 1996 yeye na wenzake wawili wa kitengo, Wendy Watson na Janice Bell, walitoa kitabu Beliefs: The Heart of Healing in Families and Illness, na mwaka 2009 Wright na Bell wakakiandika upya kwa jina Beliefs and Illness. Imani hapa haikusudiwi kuwa dini peke yake. Ni kweli zote ambazo mtu huishi nazo: kwamba saratani hutokana na uchungu uliowekwa moyoni, kwamba mwanamume halii, kwamba daktari amekata tamaa ndiyo maana hapiti tena, kwamba mtoto aliugua kwa sababu mama yake alichelewa kumleta. Waandishi walitofautisha imani zinazobana, ambazo huzidisha mateso na kufunga njia za kutoka, na imani zinazofungua, ambazo huyapunguza mateso hayo na kuongeza njia. Kazi ya muuguzi ni kuitafuta imani iliyo katikati ya tatizo, kuitingisha kwa maswali, na kuisaidia familia kuiimarisha imani nyingine inayotoa nafasi. Ugonjwa wenyewe unaweza ukabaki palepale, huku mateso yakipungua.

Kiini cha falsafa hiyo kilitoka kwa Humberto Maturana, mwanabiolojia wa Chile, aliyefundisha kwamba kiumbe hai hujibu tukio la nje kulingana na muundo wake mwenyewe, na kwamba tukio la nje huweza kuchochea badiliko pasipo kuliamua litakuwaje. Maturana alifundisha vilevile kwamba hakuna mtazamaji anayeufikia ukweli pasipo kupitia macho yake, kwa hiyo ukweli wa kila mtu ni halali kwake, hata kama haupendezi wala haukubaliki kwa wengine. Wright aliyachukua mafundisho hayo kwa uzito. Kama muundo wa familia ndio unaoamua jibu lake, basi muuguzi hawezi kumbadilisha mtu yeyote, na anachoweza ni kutoa wazo, swali au pongezi, akitazama kama limepokewa. Na kama ukweli ni mwingi, basi muuguzi naye ana imani zake zinazohitaji kuchunguzwa. Mwaka 1995 Wright, Bell, Watson na Dianne Tapp walichapisha makala kuhusu wanandoa ambao mume alikuwa amepata shambulio la moyo, wakiziweka mezani imani za wauguzi wenyewe na athari zake juu ya huduma. Kwa taaluma iliyozoea kuzihesabu imani za mgonjwa kuwa vikwazo vya tiba na imani zake yenyewe kuwa sayansi, hatua hiyo ilikuwa ya haki na ya lazima.

Wapo waliouliza, na kwa sababu nzuri, kama msimamo wa ukweli mwingi hauwezi kumwacha muuguzi bila miguu pale penye ukatili, kwa mfano katika nyumba ambamo mwenye nguvu anampiga mgonjwa. Wanazuoni wa kifeministi waliipinga kanuni ya wataalamu wa Milano ya kutoegemea upande kwa hoja hiyohiyo. Wright hakulikwepa swali hilo. Mwaka 1994 yeye, Carole Robinson na Watson waliandika juu ya namna ya kushughulika na ukatili wa familia. Hata hivyo ni kweli kwamba modeli za Calgary zina nguvu zaidi mahali ambapo watu wanateseka pamoja kuliko mahali ambapo mmoja anamtesa mwingine, na mwalimu anayezifundisha anapaswa kulisema jambo hilo waziwazi.

Kutoka katika imani Wright alivuka hadi mambo ya roho. Kitabu chake cha mwaka 2005, Spirituality, Suffering, and Illness, kiliweka mbele modeli ya miduara mitatu inayopishana, ya imani, mateso na hali ya kiroho, dhana hii ya mwisho ikiwa na maana ya chochote kinachompa mtu lengo na maana ya kuishi, kiwe ni Mungu, ibada, au uhusiano na wengine. Mwaka 2017 akairudia mada hiyo katika kitabu kingine. Hoja yake ni kwamba anayeteseka huuliza kwa nini, na swali hilo haliwezi kukabidhiwa kwa kasisi au imamu peke yake kwa kuwa huulizwa saa nane za usiku, na aliyeko saa hiyo ni muuguzi. Hakumtaka muuguzi ajibu. Alimtaka akae, asikilize, ayakiri mateso hayo kuwa ya kweli, na aulize familia inajielezaje yaliyowapata. Vyuo vingi vya uuguzi bado huona haya kulifundisha jambo hili, ilhali wauguzi hulikabili katika kila zamu.

Mwaka 2005 Wright na Leahey walitaja pia makosa matatu wanayoyafanya sana wauguzi wanapokutana na familia: kushindwa kuandaa mazingira ya badiliko, kuegemea upande wa mmoja wa wanafamilia, na kutoa ushauri mwingi kabla ya wakati wake. La tatu ndilo lililo gumu kuliacha, kwa sababu hutokana na nia njema na kwa sababu mafunzo ya uuguzi humpima mwanafunzi kwa wingi wa anayoyajua. Utafiti wa Robinson na Wright wa mwaka 1995, ambao ulizisikiliza familia zenyewe, ulionyesha kwamba yaliyowasaidia ni kukutanishwa kwa mazungumzo mapya ambayo wasingeweza kuyaanzisha nyumbani, kujengewa uhusiano wa kuaminiana, kutambuliwa nguvu zao, na kuliweka tatizo la ugonjwa mahali pake ili lisitawale maisha yote.

Elimu hiyo ilienea kwa njia kadhaa. Mwaka 1988 Calgary iliandaa mkutano wa kwanza wa kimataifa wa uuguzi wa familia. Mwaka 1995 likaanza kutolewa jarida Journal of Family Nursing, Janice Bell akiwa mhariri wake mwanzilishi, na mwaka 2009 ikaundwa Jumuiya ya Kimataifa ya Uuguzi wa Familia. Fabie Duhamel wa Montréal, aliyechapisha pamoja na Watson na Wright mwaka 1994 kazi juu ya familia na shinikizo la damu, aliiendeleza elimu hiyo miongoni mwa wauguzi wanaozungumza Kifaransa. Nchini Iceland, kwa uongozi wa Profesa Erla Kolbrún Svavarsdóttir, hospitali ya chuo kikuu ya Landspítali mjini Reykjavík ilianza mwaka 2007 mradi wa kuwafundisha wauguzi wa idara zake modeli za Calgary na kupima matokeo yake kwa familia. Huo ndio mfano unaostahili kutazamwa zaidi kuliko mingine, kwa sababu uliitoa elimu katika kliniki ya pekee yenye kioo na kuiingiza katika wodi za kawaida, zenye wauguzi wa kawaida na zamu zao.

Mwaka huohuo wa 2007 Kitengo cha Uuguzi wa Familia cha Calgary kilifungwa, baada ya miaka 25, Bell akiwa mkurugenzi wake wa mwisho. Kufungwa kwake kulikuwa hasara ambayo uenezi wa vitabu haukuifidia. Kitabu humweleza mwanafunzi swali la mzunguko ni nini, lakini hakimwonyeshi mwalimu wake akilikosea, akanyamaza, akaligeuza na kuliuliza tena mbele ya mjane anayelia, na hicho ndicho alichokipata mwanafunzi aliyekaa nyuma ya kioo. Vyuo vinavyozifundisha modeli hizi kwa mihadhara na mitihani ya kuchagua jibu vinawapa wanafunzi majina ya vitu bila vitu vyenyewe. Nurses and Families kiliendelea kutoka, toleo la sita likiwa la mwaka 2013, na toleo la saba la mwaka 2019 likaandikwa na Zahra Shajani na Diana Snell, majina ya Wright na Leahey yakiwa yamehamia katika anwani ya kitabu. Waandishi hao wapya wamerithi maandishi. Hawakurithi chumba ambamo maandishi hayo yalizaliwa, na chuo chochote cha uuguzi kinachotaka kuifundisha kazi hii kwa ukamilifu kitalazimika kuanza kwa kutafuta chumba, familia zilizoridhia, na mwalimu aliye tayari kutazamwa.